Sokwe Wana Daftari, Watoto Wetu Hawana

Ukitoka mwalo wa Kibirizi kwa boti ya abiria, ukaufuata ufuo wa Tanganyika kuelekea kaskazini, unafika Gombe siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Katika msitu ule mdogo uliojishikiza kwenye mabonde yanayoshuka ziwani, kila mtoto wa sokwe anayezaliwa miongoni mwa wale wanaofuatiliwa huandikwa. Hupewa jina. Mama yake hujulikana, na bibi yake, na ndugu zake wa tumbo moja. Huandikwa namna alivyong'ang'ania kifua cha mama, wakati alipoanza kupiga hatua, alipoacha kunyonya, na wenzake aliocheza nao. Kazi hiyo ilianza Julai 1960 na haijakoma. Ndiyo maana leo tunaweza kusimulia habari za Flint, mtoto wa Flo, aliyezaliwa mwaka 1964, akashindwa kuachana na mama yake hata alipofikia umri wa miaka minane, naye akafa majuma machache baada ya mama huyo kufa mwaka 1972.

Nataka nimuulize msomaji wangu swali moja. Mwaka huo wa 1972, ni watoto wangapi wa Kibirizi, Katonga, Gungu na Ujiji walioshindwa kukaa walipotimiza mwaka mmoja? Wangapi walianguka kifafa? Wangapi walifungiwa ndani hadi wakafa bila kuandikwa popote? Na kama swali la mwaka 1972 ni la mbali mno, basi tuulize la mwaka jana. Ufuo ni ule ule, na maji ni yale yale. Upande mmoja wa ghuba daftari limejaa. Upande wa pili hakuna hata ukurasa.

Jane Goodall alipofariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, rambirambi zilimiminika, nami nilikuwa miongoni mwa walioandika. Sina ugomvi na marehemu. Alipofika Gombe aliandamana na mama yake mzazi, Vanne, ambaye alifungua kibanda cha kuwatibu wavuvi wa jirani kwa dawa chache alizokuwa nazo. Na mradi wa TACARE ulioanza mwaka 1994 uliwafikia wanavijiji wa ukanda huu kwa miche, elimu na afya wakati ambapo wengine walikuja kwa semina tu. Polio ilipowaingia sokwe mwaka 1966, chanjo ilitafutwa na kutiwa ndani ya ndizi ili wanyama wale wapone. Sioni kosa katika hilo. Mzee mmoja wa Ujiji aliposimuliwa kisa hiki mbele yangu alicheka, kisha akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ndizi zilikuwepo." Ugomvi wangu ni na sisi: vyuo vikuu, wizara, halmashauri, na wafadhili tunaowafungulia milango bila kuwauliza wanachokuja kukihesabu.

Kuna kisa kingine cha Gombe ambacho wanafunzi wangu wengi hawakijui. Mwaka 1971 walifika pale Waholanzi wawili, mume na mke, Frans Plooij na Hetty van de Rijt. Walikuja kuchunguza makuzi ya watoto wachanga wa sokwe. Waliporejea Ulaya walidai kwamba walichokiona kwa sokwe, yaani vipindi maalumu ambapo mtoto hurudi nyuma kidogo, hulia na kumng'ang'ania mama kabla ya kupata uwezo mpya, kinaonekana pia kwa watoto wa binadamu. Wakawachunguza watoto wa Uholanzi, wakaandika kitabu mwaka 1992, na kitabu hicho kikatafsiriwa kwa lugha nyingi na kuzaa programu ya simu ambayo wazazi wa London na Amsterdam huilipia ili waambiwe ni juma gani mtoto wao atakuwa msumbufu. Watafiti wengine, akiwemo Carolina de Weerth wa Chuo Kikuu cha Groningen, walipojaribu kuthibitisha vipindi hivyo hawakuvipata, na mzozo ukawa mkubwa. Sihukumu nani alikuwa sahihi. Ninalosema ni kwamba maarifa ya makuzi ya mtoto mchanga yalichotwa kwenye ufuo wetu, yakavuka bahari, yakageuzwa bidhaa, yakabishaniwa katika majarida ya kitaaluma, na katika safari yote hiyo ya miaka hamsini hayakupita hata mara moja katika wodi ya wazazi ya mkoa huu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, baada ya uchungu wa usiku kucha. Hakulia. Muuguzi aliyekuwa peke yake zamu ile alimhangaikia mpaka akapumua, na kwa hilo tunamshukuru hadi leo. Dada aliambiwa maneno mawili tu: "mtoto amechoka." Kila mama wa nchi hii aliyewahi kuingia leba anayajua maneno hayo. Walikaa siku mbili, wakaruhusiwa. Hakuna aliyemwambia mtoto aliyezaliwa amechoka anapaswa kutazamwa nini akifika miezi mitatu, minne, sita. Kila mwezi dada alimpeleka kliniki. Mtoto alitiwa kwenye mizani, akachomwa sindano zake kwa wakati, na kwenye kadi alama ikawekwa sehemu ya kijani. Alinyonya vizuri, uzito ulipanda, kadi ikang'aa. Alipofikia miezi saba shingo ilikuwa bado inaanguka, na ngumi alizikunja muda wote kama mtu aliyeshika sarafu.

Aliyegundua ni bibi yetu, ambaye hajui kusoma kadi. Siku moja alichimba kishimo cha mchanga uani, kama alivyotufanyia sisi sote, akatandika kanga, akamkalisha mjukuu wake humo ili ajifunze kukaa. Mtoto akalala upande kama gunia. Akamkalisha tena, akalala tena. Bibi akamwita dada, akamwambia, "Mwanangu, huyu si mvivu. Huyu mwili wake haumsikii."

Dada akanipigia simu. Nami, msomi wa familia, mwenye shahada tatu ukutani, nilimwambia nini? Nilimwambia avute subira, kwamba watoto hawafanani, kwamba hata mimi nasikia nilichelewa kutembea. Aliposisitiza nilimuuliza kadi inasemaje. Akasema, "Kaka, kadi iko kijani." Nikamwambia basi, hakuna tatizo. Mtoto alikuwa na miezi ishirini alipoonwa na daktari aliyeweza kutamka mtindio wa ubongo, na alionwa mbali sana na Kigoma, kwa nauli ya kuuza shamba. Mtaalamu wa viungo aliyempokea hakutulaumu. Alisema tu kwamba miezi kumi na tatu tuliyoipoteza ndiyo miezi ambayo ubongo wa mtoto hufundishika kwa wepesi zaidi, na kwamba mazoezi aliyotuonyesha siku ile yangeweza kufanywa na mtu yeyote, juu ya mkeka, bila senti moja.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba hatuhesabu, najihesabu mimi mwenyewe kwanza.

Tuitazame hali ya mkoa bila hasira kwa muda. Sensa ya 2022 iliikuta Kigoma ikiwa na watu 2,470,967. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu yakiwa asilimia 24, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Hospitali zetu zimejifunza kuitibu malaria kali, na watoto wengi wanaofika kwa wakati hupona. Lakini kupona maana yake nini? Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Chandy John, Paul Bangirana na wenzao waliwafuatilia watoto waliopata malaria iliyopanda kichwani wakazinduka, wakarudi nyumbani, wakahesabiwa kuwa wamepona. Miaka miwili baadaye, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa utambuzi unaopimika: kumbukumbu, umakini, uwezo wa kujifunza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Mwalimu wa darasa la pili wa Mwamgongo au Kalya anayemchapa mtoto kwa sababu "hashiki" somo hana habari kwamba mtoto huyo huenda alilala siku tatu bila fahamu alipokuwa na miaka mitatu. Na hawezi kuwa na habari, kwa sababu faili la hospitali lilifungwa siku ya kuruhusiwa.

Au tuchukue kifafa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watoto wa miaka 6 hadi 14 wenye kifafa, wakakuta takriban watatu katika kila elfu moja, na wakaona kwamba matatizo wakati wa kuzaliwa yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana nacho. Hai ni kwenye baridi, na malaria yake si ya kulinganishwa na yetu. Tukichukulia kwamba robo tu ya watu wa Kigoma ni watoto wa umri huo, na tukatumia kiwango cha Hai bila kukiongeza hata kidogo, tunapata watoto wapatao 1,800. Hii ni hesabu ya kalamu na karatasi, na naitoa makusudi ili atokee mtu anikosoe kwa hesabu iliyo bora. Dawa ya fenobabitoni inatumika duniani tangu mwaka 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Hapa kwetu mtoto mwenye kifafa huachishwa shule kwa hofu kwamba povu lake huambukiza. Akikua, hakuna nahodha anayemkubali chomboni, na nahodha ana hoja, maana ziwa halimsubiri mtu azinduke.

Watumishi wenzangu wa umma wanapenda kuishia kwenye neno moja: imani potofu. Mama anaamini degedege ni ndege, anampeleka mtoto kwa mganga, anachelewa, mtoto anaharibika. Hili lilichunguzwa Bagamoyo tangu miaka ya 1990, na ni kweli kwamba degedege hutafsiriwa kama jambo la kishetani na tiba ya nyumbani hutangulia. Lakini hebu tuiweke hadithi hii ufukoni. Mtoto anashikwa na degedege saa nne za usiku katika kijiji cha kusini ambacho barabara yake ni ziwa. Boti itaondoka kesho, kama upepo utaruhusu. Mganga yuko nyumba ya tatu. Kwa kumwita mganga, mama huyu anafanya jambo pekee lililo ndani ya uwezo wake usiku ule. Tunaoishi karibu na lami tunauita uamuzi wake ujinga, kisha tunaandika andiko la mradi wa kumwelimisha.

Natambua kwamba Kigoma haijaachwa kabisa. Zaidi ya muongo mmoja vituo vya afya vya vijijini mkoani humu viliimarishwa, kwa msaada wa wafadhili, ili upasuaji wa dharura wa uzazi ufanyike karibu na wananchi na kwa mikono ya matabibu ambao si madaktari bingwa. Wanawake wengi zaidi walijifungulia vituoni, na vifo vya kina mama vilipungua. Ni kazi ya kujivunia, na ilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Kitaifa pia tunayo mifano. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalipojaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, Georgina Msemo na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango mwingine wa uzazi salama uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Reli ya kati hupita Tabora kuja kwetu. Utafiti uliteremka Tabora.

Lakini tazama kipimo katika kazi zote hizo. Kipimo ni kifo. Amekufa, hajafa. Mtoto aliyepumuliwa dakika saba ndipo akavuta pumzi ya kwanza huingia safu ya walionusurika, sawasawa na yule aliyelia akingali mikononi mwa mkunga. Takwimu zinamwaga machozi ya furaha juu ya wote wawili. Baada ya miezi minane mmoja anatambaa, mwingine anakakamaa, na hakuna safu ya kuwatenganisha. Kadiri tunavyofanikiwa kuokoa uhai, ndivyo wanavyoongezeka watoto wanaohitaji kufuatiliwa. Na mfumo uliosherehekea kuwaokoa hauna pa kuwaweka.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba maandishi ya mwanzo tunayo. Ingia wodi yoyote ya wazazi, fungua kitabu cha MTUHA cha waliojifungua. Utakuta safu ya alama ya Apgar, kipimo kilichobuniwa na daktari Virginia Apgar huko Marekani miaka ya 1950: dakika ya kwanza ngapi, dakika ya tano ngapi. Utakuta uzito wa mtoto, kijiji cha mama, na kama mtoto alisaidiwa kupumua. Muuguzi aliyechoka kuliko mtoto mwenyewe ameijaza safu hiyo saa kumi za alfajiri kwa mwanga wa simu. Mwisho wa mwezi namba hujumlishwa, hupelekwa wilayani, na kitabu kikijaa hupandishwa juu ya kabati. Hakuna anayerudi kumuuliza yule wa alama tatu amefikia wapi. Ile ni hazina ya utafiti wa makuzi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza cha zahanati, ikiliwa na mchwa, ilhali wanafunzi wangu wa uzamili wananililia kwamba hawana data.

Najua pia pingamizi litakalotoka upande wa wanaharakati, na naliheshimu kwa sababu lina mizizi. Watasema: kupima vichwa na akili za watoto wa Kiafrika ni kazi ya wakoloni. Ni kweli, na tusiisahau. Miaka ya 1930, huko Nairobi, H. L. Gordon aliwashawishi walowezi kwamba ubongo wa Mwafrika haukui kama wa Mzungu, akitegemea pia uchunguzi wa bongo za maiti uliofanywa na F. W. Vint. Mwaka 1953 J. C. Carothers aliandika, kwa agizo la Shirika la Afya Duniani, kitabu kilichomfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Kisha, kwa kichekesho cha historia, mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean wakatangaza kutoka Kampala kwamba watoto wachanga wa Kiafrika wametangulia mno kimakuzi kuliko wa Ulaya. Kutoka kuchelewa tukawa tumewahi, na katika hali zote mbili aliyeshika rula hakuwa sisi.

Ila kilichofuata kina mafunzo kwetu. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha alichokiona Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya: watoto walikaa na kutembea mapema kwa sababu mama zao waliwafundisha makusudi kukaa na kutembea, kwa mazoezi yenye majina katika lugha yao, kikiwemo kile kishimo cha kumkalishia mtoto. Yaani kishimo cha bibi yangu kimo katika fasihi ya sayansi. Akina mama wa Kokwet walikuwa na kipimo chao kabla ya profesa kufika. Baadaye vikaja vipimo vilivyotungwa na kusanifiwa hapa hapa: Kilifi wamekitengeneza chao, Malawi wamekitengeneza chao, kilichochapishwa mwaka 2010 na kikundi cha Melissa Gladstone, na ndani yake mtoto haulizwi juu ya ngazi za ghorofa wala uma wa mezani ambao hajawahi kuuona. Uonevu wa Gordon ulikuwa katika kupima ili kudharau. Anayekataa kupima kabisa leo anamwachia Gordon neno la mwisho, na mtoto wa dada yangu anabaki na kadi ya kijani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni la mezani kwetu: unga. Watoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengine kichwa kikubwa juu yake, kwa sababu mfereji wa neva haukufunga katika siku 28 za kwanza za mimba, wakati mama hajajua hata kama ni mjamzito. Asidi ya foliki hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini ni lazima iwe mwilini kabla. Vidonge vinavyotolewa kliniki, mama akifika na mimba ya miezi minne au mitano, vinasaidia damu yake. Kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Vizuri sana kwa Dar es Salaam. Sisi huku tunakula ugali wa muhogo uliovundikwa, ukaanikwa na kusagwa kwenye mashine ya mtaani, na mahindi ya shambani yaliyopita mashine hiyo hiyo. Kanuni ilitungwa kana kwamba taifa zima hununua unga wa mfuko. Mtoto akizaliwa hivyo mkoani kwetu, safari ya upasuaji ni Mwanza au ni Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli, na wazazi wengi hufika wakati kichwa kimekwisha kupita kiasi. Hilo nalo linajulikana. Huko Mbale, Uganda, Benjamin Warf aliboresha njia ya kuwapasua watoto hawa bila kuwategemeza maisha yote kwenye mrija, na njia hiyo aliipeleka Boston. Imevuka bahari kabla ya kuvuka mto Malagarasi.

Na muhogo wenyewe una swali lake. Ule mchungu usipovundikwa siku za kutosha hubaki na sumu ya sianidi. Konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ya watoto na akina mama ghafla, uliripotiwa Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985. Na huko Kahemba, Kongo, daktari Désiré Tshala-Katumbay na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba hata watoto wasio na konzo, katika nyumba zenye ugonjwa huo, hupungukiwa katika vipimo vya akili na ustadi wa mikono. Bibi zetu wanajua siku za kuvundika. Njaa ndiyo inayofupisha siku, na njaa haimsikilizi bibi. Mkoa ambao muhogo ni chakula chake cha kila siku ungepaswa kuwa wa kwanza Tanzania kuwa na maabara ya kuupima unga wa muhogo.

Tunazo karatasi za kutosha. Sheria ya Mtoto ni ya 2009, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yenye kifupisho kirefu kuliko bajeti ya halmashauri nyingi, na muda wake ulipangwa kuishia mwaka wa fedha 2025/26. Nimeisoma yote. Ni nzuri. Inasema mtoto mwenye ulemavu atambuliwe mapema. Kitenzi kimekaa katika kutendwa, "atambuliwe", na mtendaji hayumo katika sentensi. Ni nani atakayemtambua? Muuguzi wa kliniki mwenye kina mama themanini na mizani moja? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye hajafundishwa kumtazama mtoto shingo na ngumi? Warithi wa programu hiyo watakapokaa Dodoma kuandika ijayo, waanze na mtendaji wa sentensi hiyo, na mshahara wake.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga kampasi mkoani Kigoma. Nimesikia mijadala juu ya majengo, barabara ya kuingilia na ajira za vibarua. Sijasikia mjadala juu ya swali la utafiti litakaloifanya kampasi hiyo iwe ya Kigoma na isiwe tawi la Upanga lililopandwa ufukoni. Nami nina pendekezo, na sitaki lipelekwe kwa mfadhili kabla halijapelekwa kwetu wenyewe. Vitabu vya leba vya mwaka 2019 bado vipo juu ya makabati. Watoto walioandikwa humo wakapona, wameanza au wanaanza darasa la kwanza sasa. Vijiji vyao vimeandikwa. Wanafunzi kumi wa uuguzi na ualimu, pikipiki mbili, nauli za boti za kusini na kaskazini, na kipimo cha Kilifi au cha Malawi kilichosafishwa kwa Kiswahili na Kiha, vinatosha kuwatafuta wote waliozaliwa wakiwa wamechoka katika wilaya moja. Wale watakaopatikana wakikakamaa wapewe mkeka na mazoezi siku hiyo hiyo. Wale wenye kifafa waanzishiwe dawa. Wale ambao hawatapatikana waandikwe hivyo, kwa majina ya mama zao na sababu watakayotoa majirani.

Barua yenye pendekezo hili nimeipeleka kwa mkuu wa idara yangu Jumatatu iliyopita, na nakala kwa mganga mkuu wa mkoa. Mpwa wangu ana miaka sita. Hatembei, lakini anazungumza, na tulipomwambia kwamba wajomba wanataka kuhesabu watoto alituuliza kama yeye tutamwandika wa kwanza.